Waulize Walimu: Karate na judo kwa watoto wenye usonji na ulemavu wa akili

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinahusu jambo moja. Wazazi wanataka kuwapeleka kwenye karate au judo watoto wao wenye usonji au ulemavu wa akili, na walimu wanaoletewa watoto hao hawajui waanzie wapi. Tumejibu zile zinazogusa wengi. Barua ndefu tumezifupisha, na majina tumeyaacha kwa ajili ya watoto wenyewe.

SWALI: Nafundisha karate jioni kwenye ukumbi wa shule ya msingi, nina watoto 22. Mama mmoja ameniletea kijana wake wa miaka 9 mwenye usonji. Haongei, anazunguka ukumbi mzima, nikimwita hata shingo hageuzi. Nimemrudisha nyumbani mara mbili na roho inaniuma. Kuna namna ya kumfundisha huyu? (Mwalimu, Mwanza)

JIBU: Ipo, ila si kwa kumwingiza katikati ya watoto 22 na kusubiri azoee. Anza na swali ambalo wengi huliruka: je, masikio yake yamewahi kupimwa? Mtoto anaweza kuwa na usonji na pia asisikie vizuri, lakini akishapewa jina la usonji kila kitu hubebeshwa usonji. Kama hajapimwa, mama ampeleke hospitali kwanza.

Kisha kaa na mama nusu saa. Anaelewa maneno gani? Akitaka maji au choo anaonyeshaje? Nini kinamtisha, feni, honi, kuguswa kichwani? Nini anakipenda kupita vyote? Ana kifafa? Anatumia dawa gani na saa ngapi? Huwa anatoroka? Hili la mwisho ndilo litakaloamua kama mlango wa ukumbi uwekewe mtu. Majibu yaandike kwenye daftari, maana msaidizi wako naye atayahitaji.

Siku ya kwanza aje ukumbi ukiwa mtupu, dakika 15 tu. Akanyage mikeka, aguse padi, yaani mto wa kupigia ngumi, azunguke mpaka achoke kuzunguka. Usifundishe kitu. Siku ya pili mpe jambo moja, kusimama mahali pake. Kata nyayo mbili kutoka kwenye kapeti kuukuu au zichore kwa tepu ya rangi, uziweke pembeni ya mstari wa mbele karibu na ukuta, ambako anakuona wewe bila kuwa na watu nyuma yake. Mahali hapo pasibadilike. Ukizihamisha nyayo ili kupata nafasi ya mtihani wa mikanda, usishangae akilia saa nzima.

Ratiba mwekee kwa picha. Kadi tano zinatosha: salamu, kupasha mwili, ngumi, mchezo, salamu. Picha bora ni zake mwenyewe akifanya kitendo hicho, zimechapwa kwenye karatasi na kufunikwa kwa selotepu ili zisichanike. Zibane kwenye kamba kwa vibanio vya nguo. Sehemu ikiisha, yeye mwenyewe anatoa kadi na kuitia kwenye bakuli. Kama picha bado hazimwingii, tumia kitu chenyewe: mkanda mkononi maana yake salamu, padi maana yake ngumi. Vurugu nyingi zinazoitwa utundu huanzia pale mtoto asipojua kitu hiki kitaisha lini na kinafuata nini.

Muda wake uwe dakika 20 hadi 30, mara mbili kwa wiki, siku zile zile na saa ile ile. Mwanzoni anahitaji mtu wake peke yake. Usimpe kazi hiyo mama, kwa sababu mtoto atamkimbilia kila zoezi likiwa gumu. Mwanafunzi mkubwa mtulivu anafaa zaidi.

Amri ziwe fupi. Sema "mikono juu", acha "haya jamani sasa tuinue mikono yetu kama nilivyowaonyesha". Ukishasema, hesabu kimoyomoyo mpaka 10 kabla ya kurudia, na ukirudia tumia maneno yale yale. Walimu wengi husema mara tatu ndani ya sekunde tano, kila mara kwa sentensi mpya, na kila sentensi mpya humrudisha mtoto mwanzo.

Somo lake la kwanza la karate liwe "yame", yaani simama. Tembeeni pamoja, piga kofi moja, sema "yame", wewe mwenyewe ganda. Akiganda hata nusu sekunde, mpe papo hapo kile anachokipenda. Akisimama mara 8 kati ya 10 katika vipindi viwili vinavyofuatana, hapo ndipo ngumi ya kwanza ifundishwe. Mtoto anayejua kupiga kabla ya kujua kusimama atakuletea kesi na wazazi wa wenzake, na watakuwa na haki.

SWALI: Mwanangu ana miaka 8, ana usonji, na huwa anawasukuma na kuwauma wadogo zake. Baba yake anasema karate itamtia adabu. Mimi naogopa atajifunza kupiga vizuri zaidi. Nani yuko sahihi? (Mama, Tanga)

JIBU: Hofu yako ina msingi zaidi ya matumaini ya baba, ingawa haitoshi kumzuia mtoto. Kwanza tazama kusukuma huko kunamletea nini. Mara nyingi ni moja ya haya matatu: anakwepa kitu asichokitaka, anapata kitu anachokitaka, au kelele zimemzidi. Kama akimuuma mdogo wake anapewa simu ili atulie, basi kuuma kunalipa, na hakuna karate itakayoshinda malipo hayo. Hilo mlirekebishe nyumbani.

Darasani mwombe mwalimu mambo machache, na akikataa tafuta mwingine. Mtoto apige padi tu, tena ya rangi moja siku zote. Asipige viganja vya mwalimu. Walimu wengi hunyosha viganja kwa sababu ni haraka kuliko kufuata padi kabatini, lakini mtoto anayechukua mambo kama yalivyo anajifunza hapo kwamba ngumi hutua kwenye mwili wa mtu. Kumite, yaani kupigana na mwenzake, isiwepo katika mwaka wa kwanza. Na asiwe mfano wa kuonyeshea wengine jinsi pigo linavyoingia.

Kuhusu nyumbani, gi, yaani vazi la karate, ivuliwe kabla ya kutoka dojo, yaani ukumbi wa mazoezi. Anapovaa gi ndipo karate inapoanza, akivua imeisha, na mpaka huo ataushika haraka kuliko mawaidha. Wageni nao wapigwe marufuku kumwambia "hebu tuonyeshe karate". Madhara mengi huanzia sebuleni: mjomba anacheka, shangazi anapiga makofi, mtoto anagundua kwamba ngumi inafurahisha watu wazima, na kesho yake anampelekea mdogo wake.

Anza kuandika sasa, wiki mbili kabla ya somo la kwanza: kila siku amesukuma au kuuma mara ngapi, saa ngapi, na nini kilitangulia. Endelea wiki sita baada ya kuanza. Idadi ikipanda, ngumi na mateke vikome, abaki na salamu, visimamo, kinga za mkono wazi na michezo ya mizani. Kwa mtoto anayejigonga kichwa au kujipiga mwenyewe usoni, sisi hatushauri ngumi kabisa. Judo ya kuvutana mikanda na kukandamizana mkekani humfaa zaidi, na wengi wao hulipenda lile kandamizo zito la mwili.

SWALI: Msichana wetu wa miaka 11 ana Down sindromu. Mwalimu wa judo yuko tayari kumpokea, lakini daktari alitaja jambo la shingo tukaondoka bila kuelewa vizuri. (Baba, Nairobi)

JIBU: Msirudi dojo kabla hamjalielewa. Katika Down sindromu kano huwa legevu mwili mzima, pamoja na zile zinazofunga pingili mbili za juu kabisa za shingo. Kwa baadhi ya watoto pingili hizo husogea kupita kiasi, na zikisogea zinaweza kubana uti wa mgongo. Wengi hawapati dalili yoyote. Tatizo ni kwamba picha ya eksirei ikionekana nzuri leo haimhakikishii mtu usalama wa kesho, ndiyo maana madaktari hutazama dalili pamoja na aina ya mchezo.

Kwa hiyo rudini kwa daktari na orodha ya vitendo vyenyewe, msiulize tu "anaweza kucheza judo?". Kubiringika mbele kupitia bega, kurushwa, kukabwa shingo, kushikwa kichwa kwapani na kusimama daraja kwa kichwa: vyote hivi hupinda au kukandamiza shingo, na kwa mtoto wenu tungeviondoa hata daktari asipovitaja. Kinachobaki si kidogo. Anaweza kuanguka kiubavu akianzia magotini, kumkandamiza mwenzake kwa kulala juu ya kifua bila kuzungusha mkono shingoni, kuvutana mikanda mkiwa mmepiga magoti, na kata ya karate, yaani mfululizo uliopangwa wa mijongeo, yote ya hatua na mikono.

Muulizeni pia kuhusu moyo, kwa kuwa karibu nusu ya watoto wenye Down sindromu huzaliwa na kasoro ya moyo na baadhi hufanyiwa upasuaji wakiwa wadogo. Mwalimu naye aambiwe jambo ambalo huwashangaza wengi: mtoto huyu hahitaji kunyooshwa. Atapiga msamba siku ya kwanza na kila mtu atashangilia, kumbe ulegevu huo ndio tatizo lenyewe. Anachohitaji ni nguvu, yaani kuchuchumaa na kusimama mara 8, kusukuma ukuta, kubeba padi kutoka upande mmoja wa ukumbi hadi mwingine.

Akianza kulalamika shingo, kuinamisha kichwa upande mmoja, kuyumba akitembea tofauti na zamani, mikono kuishiwa nguvu au kujikojolea wakati alikwisha kuacha, mazoezi yakome siku hiyo hiyo na apelekwe hospitali. Msimpe mtu amkande shingo.

SWALI: Nina wanafunzi wanne wa kitengo maalumu, wawili wana usonji na wawili ulemavu wa akili bila usonji. Mwezi wa tatu sasa nawafundisha kata ya Taikyoku Shodan na hakuna anayefika katikati. Nakosea wapi? (Mwalimu wa kitengo, Morogoro)

JIBU: Pengine unaanzia namba moja na kushuka mpaka ishirini, kama ulivyofundishwa wewe. Itazame kata yenyewe ilivyojengwa. Ina mijongeo 20: kinga ya chini, gedan-barai, mara 8, na ngumi ya hatua, oi-zuki, mara 12. Mikono kwa hiyo ni rahisi. Kinachowapoteza ni kugeuka. Kuna mageuko 8: robo kushoto mara tatu, kugeuka nyuma kupitia kulia mara tatu, na robo tatu kupitia kushoto mara mbili, kwenye namba 9 na namba 17.

Anza na namba 5 hadi 8. Ni mstari mmoja ulionyooka, kinga moja, ngumi tatu, na ya mwisho ina kiai, yaani ukelele wa nguvu. Mtoto anapata kitu chenye mwanzo na mwisho, na mwisho wenyewe ni kupiga kelele kwa ruhusa. Tena mstari huo huo unarudi kwenye 13 hadi 16, kwa hiyo akiujua mmoja anajua mijongeo minane. Bandika tepu sakafuni kwa umbo la herufi I yenye kichwa na kitako, umfunge utepe mwekundu kifundo cha mkono wa kushoto na wa kijani kulia, na alama za miguu ziwe na rangi hizo hizo. "Kushoto" na "kulia" ziache kwa sasa. Simama kando yake mkiangalia upande mmoja. Ukimtazama usoni, mkono wako wa kulia uko upande wake wa kushoto, na anayeiga anachokiona ataiga kinyume.

Msaada upunguze kwa ngazi. Kwanza unashika kifundo chake ukiwa nyuma yake na kupeleka ngumi naye, halafu unagusa kiwiko tu, halafu unaonyesha kwa kidole, halafu neno, halafu unanyamaza. Akipatia mara tatu mfululizo, shuka ngazi moja. Walimu wenye huruma hukwama kwenye kiwiko kwa miezi, na mtoto anajifunza kwamba kata huanza akiguswa kiwiko.

Lile geuko la robo tatu lifundishe peke yake, nje ya kata. Kwenye namba 8 mguu wa kulia uko mbele. Mtoto akitakiwa kufika upande wa kulia atakwenda kulia moja kwa moja kwa robo moja, na kwa kweli atakuwa anatazama panapotakiwa, ila mguu na mkono vitakuwa visivyo. Kwa mwenye usonji usiache kosa hilo lipite hata mara moja ukidhani utalirekebisha baadaye. Akishazoea njia ya mkato, kumtoa humo ni kazi ya miezi. Bora kata yake iishie namba 8 kwa muda, ainame, ashangiliwe, huku pembeni mnafanya geuko kwa vipande vitatu: robo, simama, robo, simama, robo, kinga.

Hapo ndipo makundi yako mawili yanapotofautiana. Wale wenye ulemavu wa akili bila usonji hawang'ang'anii kosa, wao husahau. Jumatatu wamepatia, Alhamisi kama hawajawahi kuiona. Kwao dawa ni marudio mafupi yaliyosambazwa, dakika tano kila siku asubuhi kabla ya darasa, kuliko saa nzima Ijumaa. Mazoezi yao ukiyabadilisha kidogo hawakasiriki, hata huwachangamsha. Hao wengine ukibadilisha rangi ya tepu tu umewaharibia siku.

SWALI: Kijana wangu analia akivaa gi, na wenzake wakipiga kiai anaziba masikio na kujitupa chini. (Mama, Moshi)

JIBU: Gi mpya ni gumu na lina wanga. Lifue mara tatu au nne kabla hajalivaa, kata lebo ya shingoni, na ndani mvalishe fulana laini iliyogeuzwa nje ndani ili mishono isimguse. Akikataa hata hivyo, avae suruali ya gi na fulana. Hakuna mbinu inayohitaji koti isipokuwa judo. Mkanda ufungwe kiunoni kwa kulegea kidogo, mwisho kabisa.

Kuhusu kiai, mwalimu ainue mkono kwanza na kuhesabu tatu, mbili, moja, ili kelele isimjie ghafla. Yeye mwenyewe apumue "haa" bila sauti. Vile vifuniko vya masikio vya mafundi wa mashine vinafaa sana na havina aibu yoyote.

Akijitupa chini, huyo amezidiwa, na kumwambia "nyamaza, simama" ni kumwongezea kelele nyingine. Watoto wengine wasogezwe, mtu mmoja tu abaki naye hatua mbili au tatu pembeni, kimya, bila kumshika isipokuwa akijiumiza. Akitulia, mpe zoezi jepesi analolijua, kisha salamu na nyumbani. Adhabu ya kupiga pushapu baada ya hapo haina maana. Mtoto hataiunganisha na chochote ila na dojo.

SWALI: Mwalimu mmoja hapa kwetu anasema karate inaponya usonji ndani ya mwaka, anataka ada ya mwaka mzima mbele. Tulipe? (Baba, Mombasa)

JIBU: Msilipe. Usonji hauponywi na karate wala na kitu kingine, na anayeahidi hivyo hajui au anajua na anadanganya. Huenda amesikia habari za utafiti uliofanywa Iran na kuchapishwa mwaka 2012. Watoto 30 wenye usonji waligawanywa nusu kwa nusu, nusu wakafundishwa kata kwa wiki 14, mara 4 kwa wiki. Tabia za kujirudiarudia, kama kupepea mikono na kujitikisa, zilipungua kwa kiasi cha asilimia 42 kwa waliofanya kata, na mwezi mmoja baadaye bila mazoezi bado zilikuwa chini. Ni matokeo ya kutia moyo, lakini ni watoto 15 waliofanya mazoezi, na mara nne kwa wiki si kile anachouza mwalimu wa Jumamosi. Tena kupungua kwa kupepea mikono si kupona, na kuna wazazi wengi, sisi tukiwa upande wao, wasioona kwa nini mtoto azuiwe kupepea mikono kama haimdhuru.

Mnachoweza kutarajia kwa miezi sita ya mara mbili kwa wiki ni mizani bora, kuweza kusubiri zamu, kufuata amri mbili tatu za mfululizo, pengine na usingizi. Lipeni kwa mwezi, na tiba ya kuongea au dawa anazotumia zisikatizwe ili kupata nauli ya dojo.

SWALI: Mmoja wa wanafunzi wangu aliyekuwa na ulemavu wa akili alianguka kifafa mkekani. Wazazi waliokuwepo walitaka kumtia kijiko mdomoni, mwingine akawasha kiberiti amnusishe. Utaratibu sahihi ni upi? (Mwalimu, Dodoma)

JIBU: Kijiko kinavunja meno, na ulimi haumezwi. Kiberiti, kitunguu, maji, vyote weka kando. Tazama saa. Legeza mkanda na koti shingoni, weka kitu laini chini ya kichwa, ondoa watu na vitu vigumu, usimkamate mikono kuzuia mtikisiko. Ukipungua, mlaze kiubavu mate yatoke. Ukizidi dakika 5, au ukirudi kabla hajapata fahamu, au kama ni mara yake ya kwanza, ni hospitali bila kusubiri. Siku hiyo asirudi mkekani hata akisema yuko sawa.

Kifafa ni cha kawaida zaidi kwa watoto hawa kuliko kwa wengine, na si lazima kiangushe mtu. Mtoto anayezubaa ghafla sekunde kadhaa katikati ya kata, macho wazi, halafu anaendelea kama hakuna kilichotokea, huenda hakupuuzi. Mwambie mzazi na umwandikie saa na idadi. Mazoezi ya kupumua haraka haraka yaepukwe kwake, kwa kuwa yanaweza kuchochea aina hii ya kifafa. Ulizia pia kila siku kama amemeza dawa na kama amelala, kwa sababu mashambulizi mengi hufuata dozi iliyosahaulika au usiku mbovu.

SWALI: Binti yangu wa miaka 13 ana ulemavu wa akili. Sensei, yaani mwalimu wake, hataki wazazi waingie ndani, anasema tunawadekeza watoto. (Mama, Unguja)

JIBU: Kama mlango umefungwa na huoni, mtoe. Mzazi anaweza kuombwa akae kimya nyuma, hilo ni la haki, lakini awepo anapoweza kuona. Ndani wawepo watu wazima wawili, mmoja akiwa mwanamke kwa sababu ya choo na kubadili nguo, ingawa ni bora aje amevaa na kuondoka amevaa. Mwalimu aseme kabla ya kugusa, "nagusa mkono wako", na miguso ibaki kwenye kifundo, kiwiko na bega.

Kuna hatari nyingine iliyojificha katika sanaa hizi zenyewe. Zinafundisha kutii, na msichana mwenye ulemavu wa akili anayetii kila amri ya mtu mzima ni windo rahisi. Kwa hiyo afundishwe pia kukataa, darasani, kwa mazoezi: yeye ndiye anayesema "yame" na mwalimu ndiye anayeganda. Mara kumi kila kipindi, kwa sauti inayopanda. Na siku atakapoukwepa mkono wa mwalimu kwa kweli, mwalimu aurudishe mkono wake bila maneno.

SWALI: Mwanafunzi wangu mwenye usonji amekaa miaka miwili na mkanda mweupe. Wazazi wanasema nimpe wa njano tu kwa kumfurahisha. Je, kuna mashindano ambayo anaweza kushiriki? (Mwalimu, Arusha)

JIBU: Usimpe wa bure. Wenzake watajua, na watoto wenye usonji wengi huzishika kanuni kuliko sisi, yeye mwenyewe atauliza kwa nini. Kinachopaswa kubadilishwa ni namna ya kumpima. Gawa mahitaji ya mkanda wa njano katika vipande sita au vinane, kila kimoja kiandikwe kitendo kinachoonekana: anasimama kwenye nyayo mpaka aambiwe, anapiga ngumi 10 kwenye padi bila msaada, anafanya namba 5 hadi 8, na kadhalika. Kila akikipata kimoja katika vipindi vitatu tofauti, funga kipande cha tepu ya njano kwenye ncha ya mkanda wake mweupe. Mtihani wenyewe mfanyie siku ya kawaida, saa yake, mahali pake, bila meza ya majaji wageni. Akishindwa kimoja, kinarudiwa hicho tu.

Kuhusu mashindano, Shirikisho la Karate Duniani lina para-karate, yenye makundi ya wasioona, watumia kiti cha magurudumu na wenye ulemavu wa akili. Ni kata tu, hakuna kupigana, na mashindano yake ya kwanza ya dunia yalifanyika Bremen, Ujerumani, mwaka 2014. Upande wa judo, Special Olympics inaitambua kama mchezo wake rasmi kwa watu wenye ulemavu wa akili, na wachezaji hupangwa kwa viwango vya uwezo ili mpole asikutane na mwenye nguvu. Hati za daktari au mwanasaikolojia zinazothibitisha ulemavu zitahitajika huko kote, kwa hiyo wazazi wazitafute mapema. Foleni ya kupimwa ni ndefu kuliko ya mashindano. Kabla ya kumpeleka popote, mzoesheni ukumbi wenye watu. Anzeni na wazazi watano wamekaa kimya akifanya kata, wiki inayofuata kumi, halafu wenye kupiga makofi, na makofi hayo yaanze baada ya yeye kuinama.